Kamshafti Niliyoichagua Mimi

Ghati mwanangu,

Habari za afya yangu sina haja ya kukuandikia. Umeniona asubuhi nikiinuka kitini kwa awamu mbili. Sasa umeshuka kwa bibi yako kumuaga na hutarudi kabla ya jua kuzama, kwa sababu bibi yako hamwachi mtu aondoke kabla hajamlisha mara tatu. Kwa hiyo nimekaa hapa bandani, nimefuta oili mezani, nimechana karatasi za katikati kwenye daftari lako la zamani la hesabu, naandika. Vidole vyangu vimezoea spana na kalamu inaniponyoka, basi uuvumilie mwandiko.

Sitakuandikia mambo ya sabuni, wala ya kuamka mapema, wala ya vijana wa mjini. Mama yako ameyasema hayo wiki nzima, hata kuku wetu sasa wanayajua.

Kilichonikalisha hapa ni neno ulilosema juzi ukipanga sanduku. Chuo cha ufundi hakina bweni la wasichana, na baba yako mdogo Nyamhanga ameleta salamu kwamba usihangaike kutafuta chumba, ukae kwake huko Musoma. Ukamwambia mama yako, "Nitakaaje miaka miwili na mlevi? Atanitupa korongoni kama alivyolitupa gari la kijiji." Mama yako akacheka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Sikucheka, lakini pia sikusema kitu. Na hicho ndicho kinachonichosha, Ghati, huku kutosema kitu. Nimeifanya kazi hiyo miaka saba, na inachosha kuliko kushusha injini kwa mikono.

Ndugu yangu hakuwa amelewa siku ile. Wala si yeye aliyeliangusha gari. Niliyeliangusha ni mimi, na nilikuwa hapahapa bandani nafuta mikono.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikirukaruka utadhani natafuta mahali pa kujificha.

Ulikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tumehamia hapa kijijini mwaka mmoja nyuma, nyumba zimepangwa mistari, nyasi na udongo bado vibichi, kila mtu akilalamika kwamba shamba lake la zamani limebaki mbali. Kijiji kilikuwa na gari moja tu, ile pikapu iliyoachwa na bwana shamba wa Kizungu alipoondoka. Ilikuwa kuukuu hata kabla hujazaliwa. Ndiyo iliyopeleka wagonjwa Tarime, ikaleta mbegu na mbolea za shamba la ujamaa. Dereva wake alikuwa Nyamhanga na fundi wake mimi, na tulijiona wakubwa kweli.

Tatizo lilikuwa kile kilima cha kutoka mtoni kuja huku Nyanungu. Pikapu ikiwa na mzigo, abiria walishuka wakatembea, wakafika juu, wakakaa chini kuisubiri. Siku moja kwenye mkutano wa kijiji mwenyekiti akanigeukia mbele ya watu wote.

"Fundi Marwa," akasema, "hiyo gari iongeze nguvu. Kijiji kizima hatuwezi kushindwa na kilima."

Watu wakapiga makofi. Nikasimama nikasema nitaiongeza. Sikujua nitaiongeza vipi, lakini ukishapigiwa makofi ni vigumu kukaa chini na kusema hujui.

Nikwambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Ufundi nilijifunza Musoma, kwenye gereji ya Mhindi mmoja mkali sana. Nilikaa kwake miaka sita. Spea ilikuja ndani ya boksi, ina namba yake, mimi naitoa iliyokufa naifunga mpya. Nikiuliza kwa nini hii na si ile, ananiambia funga. Nikafunga. Nilitoka pale naweza kufungua injini nimefumba macho. Lakini nilijifunza kufunga, sikujifunza kuchagua. Hakuna siku hata moja niliyowekewa vitu viwili mezani nikaulizwa kipi kinafaa.

Miaka ile spea nchini hazikuwapo. Beringi ilitafutwa kama sukari. Tukasikia kwamba ng'ambo ya Sirari, upande wa Kenya, kuna fundi mzee wa Kijaluo anaitwa Odhiambo, ana vyuma vya injini ya aina ileile, vilivyotolewa kwenye magari ya mashindano. Kijiji hakikuwa na kitu cha kumpa. Nyamhanga akasema atatoa fahali wake mweusi. Ulimjua yule fahali, ulikuwa unamwogopa. Alikuwa amewekwa kwa ajili ya mahari, kwa sababu baba yako mdogo alikuwa anakaribia kuoa.

Nikamwambia, "Mura, mdogo wangu, fikiri vizuri."

Akasema, "Ng'ombe atazaliwa mwingine, kaka. Kile kilima siku moja kitaua mtu."

Tukamswaga fahali siku mbili tukipita njia za ndani. Odhiambo alitupokea vizuri, akatupa uji, akatandika gunia chini ya mti wake wa mlimao na kuweka vyuma vinne juu yake. Silinda hedi mbili na kamshafti mbili. Hedi unaijua, ule mfuniko wa injini wenye valvu, ambapo hewa na petroli vinaingia na moshi unatoka. Hedi ya kwanza ilikuwa na matundu madogo na valvu ndogo. Ya pili matundu yake niliingiza vidole vitatu. Kamshafti, ile fimbo yenye nundu zinazofungua valvu, nazo hivyohivyo. Moja nundu zake zilikuwa fupi, za mviringo, za upole. Nyingine nundu zake zilisimama, ndefu, zimechongoka.

Ghati, babu yako alinifundisha kuchagua fahali kabla sijajua kusoma. Unamtazama pua. Pua pana, anavuta pumzi nyingi, hachoki. Unamtazama nundu. Nundu ikisimama, ana nguvu za kurithisha. Sijawahi kukosea fahali maishani mwangu. Sasa nimekaa mbele ya lile gunia, na macho yangu yakafanya kile yalichojua kufanya tangu utotoni. Nikaona pua pana. Nikaona nundu ndefu. Nikaweka mkono juu yake.

Odhiambo akaniuliza, "Gari yenu inatembea wapi, mzee? Kwa lami ama kwa mlima?"

"Mlima," nikasema. "Na mzigo."

"Basi beba hii ndogo, hedi ndogo na kamshafti yake ya upole. Hizo kubwa ni za kukimbia. Za kuvuta ni hizi."

Nikacheka. Nikamgeukia Nyamhanga nikamwambia kwa Kikurya kwamba huyu mzee anataka kutupa ndama abaki na fahali. Mjaluo wa kandokando ya ziwa atanifundisha mimi habari za nguvu? Hivyo ndivyo nilivyofikiri, sikufichi. Odhiambo alikuwa anasikia Kikurya vizuri.

"Sawa," akasema. "Fahali wako ni mzuri. Beba unayotaka."

Nyamhanga alinivuta shati. "Kaka, huyu mzee ameuliza swali la maana. Tumsikilize." Nikamwambia yeye ni dereva, kazi yake ni usukani.

Nilifunga ile hedi na ile kamshafti kwa siku nne. Wewe ulikaa pale kwenye tairi ukinihesabia boliti na kunikemea nikikosea hesabu. Tulipoiwasha, gari lilitetemeka zima likiwa limesimama, likikohoa, halitaki kutulia. Ukikanyaga mafuta mengi ndiyo linaamka, na likiamka lilikuwa linanguruma, Ghati! Jumapili ile tulilipeleka kwenye barabara tambarare ya bondeni, likalipita basi. Watu walishangilia kama siku ya kutahiri. Mwenyekiti alinishika mkono akakataa kuuachia. Mimi nilitembea kijijini juma zima nikiwa na kifua mbele.

Nyamhanga peke yake hakushangilia. Alikuja hapa bandani akasema, "Kaka, chini halina kitu. Nikiwa gia ya kwanza na mzigo, linataka kuzima mpaka nilikanyage hadi mwisho. Nguvu yote iko juu, kwenye mbio."

Nikamwambia, "Hujazoea gari lenye nguvu. Kanyaga."

Hayo ndiyo yaliyokuwa maelezo yangu yote ya ufundi. Kanyaga.

Siku ya mbegu unaikumbuka kwa sababu ya mvua. Magunia ya mahindi ya mbegu ya kijiji kizima yalipakiwa, wanakijiji watano wakapanda juu. Asubuhi hiyo kulikuwa na matanga kwa jirani yetu, na mimi na Nyamhanga tulipita kutoa pole. Pombe ilikuwapo. Nilikaa naye bega kwa bega. Alikunywa uji, akaomba kikombe cha pili cha uji, akaenda kwenye gari.

Wakavuka mto, maji yakalowesha breki. Wakaanza kupanda. Mahali pale penye kona, kwenye mawe, haiwezekani kwenda mbio. Lazima gari livute polepole, na polepole ndiko lilikokuwa halina kitu. Injini ikashuka pumzi, ikazima. Breki hazikushika. Gari likaanza kurudi nyuma na nyuma yake kulikuwa na watu walioshuka wanatembea. Nyamhanga akakata usukani kuliingiza korongoni ili lisiwapitie. Watu wote walipona. Mguu wake ulibanwa na mlango. Mbegu zilimwagika kwenye maji, na mwaka ule tulipanda tulichoomba kwa wenzetu wa Nyambureti.

Mkutano uliitishwa. Walimleta kwenye kitanda cha kamba, mguu umefungwa kwa mbao. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Aliuliza swali lililokuwa la haki kabisa.

"Fundi, gari hili lilikuwa na nguvu au halikuwa na nguvu?"

Nikasimama. Nikajibu, "Lilikuwa na nguvu kuliko gari lolote la wilaya hii."

Hakuna uongo katika maneno hayo. Nimeyageuza miaka saba na sijapata neno moja la uongo ndani yake, na bado ndiyo maneno machafu kuliko yote niliyowahi kusema. Mtu mmoja akadakia kwamba dereva alionekana kwenye matanga asubuhi, penye pombe. Watu wakaguna. Mimi niliyekaa naye bega kwa bega niliangalia viatu vyangu.

Mwenyekiti akamuuliza Nyamhanga ana la kusema. Akanitazama. Nilijua anangoja nini. Halafu akasema, "Kama kaka amesema lilikuwa na nguvu, basi lilikuwa na nguvu."

Wakamwondoa udereva. Wale wa upande wa mchumba wakasikia habari ya ulevi na mguu, wakarudisha salamu kwamba binti yao bado mdogo. Watoto wakamtungia jina la Korongo, na wewe uliliita pamoja nao. Hukujua. Miezi mitatu baadaye alikwenda Musoma kwa fimbo yake, akapata kazi ya kulinda ghala la pamba, na mpaka leo ndiyo anayoifanya.

Alipokwisha ondoka nikalivuta gari kutoka korongoni kwa jozi nne za ng'ombe. Injini haikuwa na kasoro. Nikatoa ile hedi kubwa na kamshafti yake, nikarudisha zile za zamani ambazo gari lilitoka nazo kiwandani, nikaweka mzigo wa uzito uleule, nikapanda kilima kilekile mwenyewe. Lilipanda. Lilipanda polepole kama mwanzo, bila kuzima, mpaka juu. Nilipofika juu nilishuka nikakaa kwenye nyasi.

Nilipokuwa nazirudisha, ulikuja ukaniuliza, "Tata, kwa nini unaweka za zamani tena?" Kijiji kizima hakuna mtu aliyeniuliza swali hilo ila wewe. Nikakutuma maji. Ulikuja na maji nikakutuma kuni. Uliporudi na kuni ulikuwa umeshaelewa kwamba baba hataki kuulizwa, na hukuuliza tena. Najuta kwa mengi, lakini siku nikihesabu nilichokuharibia mimi mwenyewe, naanzia hapo.

Mwaka uliofuata nilikwenda tena kwa Odhiambo, safari hii peke yangu, nimebeba ile hedi kubwa. Nilimwambia yote. Hakunicheka. Aliichukua ile hedi akaishika mbele ya jua ili nione mwanga unavyopita.

"Tundu kubwa hivi," akasema, "injini ikizunguka polepole, hewa inaingia kivivu, haijazi silinda. Na hiyo nundu ndefu inashikilia valvu wazi mda mrefu, ile kidogo imeingia inarudi nje. Ikizunguka sana, hapo sasa inapumua. Lakini mlima hautakungojea ufike hapo. Na lazima hedi na kamshafti ziwe za kazi moja. Wewe ulichukua zote za kazi ya mbio, ukapeleka kwa kazi ya kuvuta."

Basi. Dakika tano. Ningempa dakika tano hizo mara ya kwanza, ndugu yangu angekuwa na mguu mzima, mke na jina lake.

Ndiyo maana nilipigana na wazee waliosema msichana haendi kusomea magari. Sikufanya hivyo kwa sababu mimi ni mtu wa kisasa. Mama yako atakwambia mimi si mtu wa kisasa. Nilitaka mmoja katika nyumba hii akae mahali ambapo akiuliza kwa nini, anajibiwa. Huko watakuwekea vyuma mezani na utavutwa na kile kikubwa, kwa sababu wewe ni mjukuu wa babu yako. Siwezi kukuzuia kuvutwa. Nakuomba tu, mkono ukishakuwa juu yake, uulize gari linakwenda wapi na limebeba nini. Na akitokea mtu anayeliendesha akakwambia chini halina kitu, mwache amalize kusema. Sikwambii uwe mnyenyekevu. Nimechoka na watu wanaowaambia wasichana wawe wanyenyekevu.

Nimejaribu kujitetea. Nilijiambia kwamba kama ningesema, kijiji kingepoteza fundi na dereva kwa siku moja. Nilijiambia kwamba Nyamhanga ni kijana, atajipanga. Nilijiambia nitasema mvua zikiisha, nikasema nitasema baada ya mavuno, halafu watu wakaacha kuuliza na nikaona kusema ni kuwasumbua. Juzi nilikwenda kwa mwenyekiti, yuleyule, sasa amezeeka. Nilimweleza kila kitu. Unajua alisema nini? "Aa, Marwa, ile gari si ilishakufa? Tuna mambo ya njaa hapa." Akaniomba nimtazamie baiskeli yake. Nikaitazama.

Kwa hiyo hakuna tena mkutano wa kunihukumu. Amebaki mtu mmoja, naye hajawahi kunidai neno. Hata barua hajawahi kuleta, maana hajui kusoma. Na mwaka huu, aliposikia kwamba umepata chuo, ndiye mtu wa kwanza kuleta salamu: mtoto aje kwangu.

Nitakuambia nilichokuwa nimepanga nilipoanza kuandika. Nilitaka umsomee barua hii. Nilitaka umketishe, umwamkie shikamoo, umsomee tangu mstari wa kwanza, na mimi niwe huku Nyanungu nafuta mikono. Nimefika ukurasa huu nikaona ninachofanya. Nampakia mtu mwingine mzigo tena, halafu nabaki nyuma kusikiliza kama utafika juu. Hapana. Nimechoka, lakini sijachoka kiasi hicho.

Nimemwambia mama yako kwamba nakusindikiza mpaka Musoma kwa sababu sanduku ni zito. Sanduku si zito. Kesho nitakupa barua hii tukishapanda basi, na mimi nitakaa kiti cha nyuma yako. Isome polepole, njia ni ndefu. Usigeuke kunitazama kabla hujamaliza, nakuomba hilo tu. Ukimaliza, geuka au usigeuke, nitakuelewa. Vyovyote utakavyofanya, Musoma nitashuka.

Baba yako,
Marwa